Seneta Kidawa na Saa ya Pongezi

Msiniulize nchi hii iko wapi. Wenyewe husema iko mbele, na sisi wengine tuko nyuma, kwa hiyo hata nikiwaelekeza hamtaifikia. Yatosha mjue kwamba ilikuwa na Rais, ilikuwa na Bunge la kupitisha sheria, na juu ya Bunge ilikuwa na Seneti, ambayo Katiba iliipa mamlaka kamili ya kushauri. Serikali nayo ilipewa mamlaka kamili ya kushukuru. Seneti ikashauri, Serikali ikashukuru, na kila upande ukaenda kula chakula cha mchana roho kwatu.

Ndani ya Seneti hiyo upinzani ulikuwa na viti vitatu, vyote chini ya feni mbovu. Haikuwa kwa ubaya. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba mpinzani hufikiri vizuri zaidi akitoka jasho. Kiti cha kwanza kilikaliwa na mzee mmoja aliyekuwa amelala tangu uchaguzi. Cha pili kilikuwa kitupu, maana mwenyewe alikuwa kwenye mazungumzo ya kuhamia chama tawala, na mazungumzo yalikuwa yamekwama kwenye suala la gari. Cha tatu kilikuwa cha Bi. Kidawa Shomvi, seneta wa wilaya ya Kilalaheri, na habari hii ni yake.

Kidawa alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mpole wa sauti, anayefuta miwani yake kwa ncha ya mtandio kila anapokasirika. Kabla ya siasa alikuwa mkalimani wa mahakama. Mshtakiwa akisema kwa kilugha chake, "Hakimu huyu punguani," Kidawa aliinamisha kichwa na kutafsiri, "Mheshimiwa, mshtakiwa anaiomba mahakama ilitazame jambo hili kwa jicho la pili." Kwa njia hiyo aliwaepusha wengi na kifungo, na mahakimu wengi na presha. Alipogombea useneta, watu wa Kilalaheri walimpa kura wakisema mtu anayejua kuwatukana wakubwa bila wakubwa kujua ni hazina ya taifa.

*

Siku moja alikuwa nyumbani kwake Kilalaheri akichambua mchele, mara akabishiwa hodi na mama kijana aliyembeba mtoto mchanga kifuani.

"Shikamoo, Mama Seneta."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani. Wewe ndiye Siwatu?"

"Ndiye mimi. Na huyu ndiye mwenyewe aliyezaliwa kwenye kituo cha mafuta. Nimempa jina la babu yake, Nurudini, lakini mtaa mzima unamwita Dizeli."

Kidawa alimpokea mtoto. Siwatu akaketi mkekani, akasimulia.

Uchungu ulimshika asubuhi, akapelekwa kwa bajaji hospitali ya wilaya. Wodi ya zamani ya wazazi ilikuwa imebomolewa ili wageni wa uzinduzi wapate pa kuegesha magari. Wodi mpya ilikuwepo, imepakwa rangi, ina vigae, na vitanda vinaonekana dirishani vikiwa bado ndani ya nailoni. Lakini mlangoni palikuwa na utepe mwekundu, na kando ya utepe palikuwa na askari mwenye rungu.

"Akaniambia, 'Dada, humu hamjazinduliwa.' Nikamwambia, 'Kaka, mimi mwenyewe ndiyo nazinduliwa hapa.' Akasema yeye kapewa kazi ya kulinda utepe, mambo mengine hayajui. Tukageuza bajaji twende wilaya ya jirani. Mafuta yakaisha. Tukasukumwa mpaka kituoni, na pale pale, Mama, kati ya pampu na mahali pa kujazia upepo, mtoto akaja."

"Mwenye kituo je?"

"Alinisitiri, Mungu ambariki. Alizima pampu, akawaamuru wenye magari wote wageukie ukutani."

Kidawa alivua miwani, akaanza kuifuta.

"Mimi yangu yamepita," alisema Siwatu. "Sikuja kudai chochote. Lakini mdogo wangu ana mimba, jirani yangu ana mimba, na shoga yangu wa sokoni, Mwasiti, anayeuza uji, naye ndiyo hivyo. Nataka mlango ule ufunguliwe, basi."

"Nitalipeleka Seneti."

"Seneti ndiyo wapi, Mama?"

"Ni mahali pa kusemea."

"Na pa kusikilizia ni wapi?"

Kidawa alimrudishia mtoto wake, akamfungia mchele kidogo kwenye kitambaa, akaanza kupanga safari ya Makao Makuu.

*

Seneti ilikuwa na utaratibu mzuri wa kushughulikia shida za wananchi, ulioitwa Saa ya Kero. Ulifanyika alfajiri, ili kero zisiwaharibie watu siku. Seneta alisimama akaeleza kero moja, na waziri akajibu. Ili jibu lisiwe na upendeleo, kanuni ilikataza waziri mwenye dhamana ya jambo kulijibu mwenyewe. Mambo ya barabara yalijibiwa na Waziri wa Utamaduni, mambo ya shule na Waziri wa Madini, na kero ya wodi ya Kilalaheri ikaangukia mikononi mwa Waziri wa Uvuvi, Mheshimiwa Dokta Simbani Chilumba. Huyu alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye tai yenye picha ya sato.

Kidawa alieleza kero yake taratibu, neno kwa neno, pamoja na habari ya utepe. Dokta Chilumba akasimama na karatasi yake.

"Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya mwenzangu wa Afya, ambaye muda huu yuko Bungeni akijibu swali la dagaa, namshukuru kwa dhati ya moyo wangu Seneta Kidawa kwa swali lake zuri. Kwanza, naomba kulitaarifu Baraza lako tukufu kwamba wodi ya Kilalaheri haijafungwa. Wodi haiwezi kufungwa kabla ya kufunguliwa. Pili, Serikali inatafuta kiongozi wa hadhi inayolingana na jengo. Lile jengo lina vigae, Mheshimiwa Spika! Haliwezi kuzinduliwa na mkuu wa wilaya, ambaye kwa cheo chake mwisho wake ni kisima na choo cha shule. Tatu, tumepata taarifa kwamba mtoto alizaliwa salama salimini kwenye kituo cha mafuta. Sasa nauliza, je, huo si ushahidi kwamba huduma zimesogezwa karibu na wananchi?"

Hapo akatua kuvuta pumzi, na meza zikagongwa.

Wa kwanza kugonga alikuwa Seneta Shabani Ligola wa chama tawala. Huyu mzee naye alitoka Kilalaheri, maana kila wilaya ilikuwa na maseneta wawili, na ndiye aliyekuwa mgongaji mkuu wa meza. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na sugu kama kisigino. Wenzake hawakujisumbua kusikiliza hotuba. Waliutazama mkono wa Ligola tu, ukishuka nao wakashusha.

"Swali dogo la nyongeza, Mheshimiwa Spika," alisema Kidawa kelele zilipotulia. "Waziri ana habari kwamba yule mama alijifungulia juu ya sakafu iliyomwagikiwa dizeli?"

Dokta Chilumba alitabasamu kwa huruma. "Mheshimiwa Spika, lingekuwa swali la kambale ningelijibu papo hapo. Kwa upande wa wanawake, naomba anipe muda."

Spika, Mheshimiwa Mfaume Gongwe, aligonga rungu lake. "Kero imejibiwa. Na kwa mujibu wa kanuni, kero iliyojibiwa ni kero iliyokwisha. Hairuhusiwi kuletwa tena mpaka baada ya uchaguzi."

Isije ikadhaniwa kwamba Serikali ililala. Wiki hiyo hiyo ulitoka waraka kwenda vituo vyote vya mafuta nchini, na kule Kilalaheri kikatundikwa kibao kipya kilichoandikwa kwa rangi ya bluu: HUDUMA ZETU: PETROLI, DIZELI, UPEPO, UZAZI. Mwenye kituo alipewa pea ya glovu, na akaambiwa asizitumie kwenye dizeli.

*

Kidawa alikesha na kitabu cha kanuni. Akakisoma mbele nyuma, jinsi alivyozoea kuyasoma maneno ya mashahidi, akitafuta tundu. Tundu lilikuwa kurasa za mwisho, mahali ambapo watu hawafiki.

Mchana, baada ya chakula, Seneti ilikuwa na Saa ya Pongezi. Hapo seneta yeyote aliweza kusimama na kumpongeza kiongozi yeyote kwa jambo lolote, mara nyingi apendavyo. Kanuni ilikataza kabisa mtu kukatizwa akiwa anapongeza. Na wakati Saa ya Kero ilihifadhiwa kwenye makabati, Saa ya Pongezi ilirushwa moja kwa moja na Redio ya Taifa, na sheria ikalazimisha kila saluni, kila mgahawa na kila stendi kuifungulia kwa sauti ya juu.

Kesho yake mchana, mpinzani kwa mara ya kwanza katika historia ya Seneti akanyoosha mkono kuomba kupongeza. Spika Gongwe alifurahi mpaka akasimama.

"Mheshimiwa Spika," alianza Kidawa kwa sauti yake ile ile ya mahakamani, "nasimama kwa unyenyekevu mkubwa kumpongeza Mheshimiwa Dokta Chilumba na Serikali nzima kwa mtoto wa kike aliyezaliwa juzi Kilalaheri juu ya mkokoteni wa maji. Zamani watoto wetu walizaliwa kitandani, wakitazama dari tu. Sasa wanaanza maisha wakiitazama barabara, wanaona wenyewe nchi ilivyo. Hongera sana."

Ligola akagonga meza. Wote wakagonga.

Wiki iliyofuata alisimama tena. "Naipongeza Serikali kwa mapacha wa kijiji cha mpakani. Wa kwanza alizaliwa wilaya yetu, wa pili akazaliwa wilaya ya jirani, kwa kuwa gari halikusimama. Haijapata kutokea ndugu wa tumbo moja wakawa na wakuu wa wilaya wawili. Hakika maendeleo ni kuchagua."

Meza zikagongwa. Wiki ya tatu akaendelea:

"Na leo, Mheshimiwa Spika, nampongeza yule askari anayelinda utepe wa wodi yetu. Tangu aanze kazi, hakuna mwanamke hata mmoja aliyefanikiwa kuzaa mle ndani. Kwa uaminifu huu, naishauri Serikali imkabidhi na benki kuu."

Basi mchana wa Pongezi ukawa mchana mtamu nchi nzima. Kwenye saluni wanawake walishikilia vichwa vyenye dawa wakicheka mpaka machozi. Wauza nyanya waliacha kupima. Neno "nakupongeza" lilibadilika maana mitaani, mtu akikukanyaga unamwambia, "Nakupongeza, ndugu yangu," na polisi walilazimika kuamulia ugomvi wa mashemeji wawili waliopongezana msibani.

Spika Gongwe alimwita Kidawa ofisini kwake.

"Bi. Kidawa, kuna kitu ndani ya hizi pongezi zako."

"Kitu gani, Mheshimiwa?"

"Sikijui. Ila zikiisha najisikia vibaya."

"Basi nizipunguze?"

"Ah! Upunguze pongezi za Serikali? Unataka nifukuzwe?" Spika alijikuna shingo. "Tufanye hivi. Kuanzia leo, pongezi yoyote lazima mwenye kupongezwa aikubali kwanza."

Aliamini hapo amempata. Lakini Dokta Chilumba alizikubali zote, za nyuma na zijazo. Alikuwa amerekodi zile za mwanzo, akawa anawasikilizisha wageni wake nyumbani kabla ya chakula. Sharti lake lilikuwa moja tu: neno "Dokta" litajwe mara mbili.

*

Kidawa naye alianza kunogewa. Alipopita stendi na kusikia vicheko, mwendo wake ulibadilika. Habari za Kilalaheri alizisubiri jinsi mwindaji anavyosubiri mnyama, na simu ikilia, jambo la kwanza moyoni mwake lilikuwa, leo kimetokea kipi? Siku moja alirudi nyumbani akamkuta Siwatu barazani.

"Mnanisikia huko redioni?" alimuuliza akitabasamu.

"Tunakusikia, Mama. Tunacheka sana."

"Enhe?"

"Tunacheka, halafu tunapita pale hospitali. Utepe uko pale pale." Siwatu hakusema kwa ubaya. Alikuwa akimpepea mtoto inzi. "Umepauka kidogo kwa jua. Nasikia wameagiza mwingine."

Tabasamu la Kidawa likaisha. Usiku ule hakula.

Haukupita muda akasikia habari ya Hadia. Huyu alikuwa binti wa Seneta Ligola, na mimba yake ilikuwa ya kwanza. Alifikishwa hospitali, akaona vitanda dirishani, akaambiwa asubiri kiongozi. Akapakiwa kwenye lori la viazi kwenda wilaya ya jirani. Mtoto akazaliwa njiani, juu ya magunia, na hakulia.

Siku ya Saa ya Pongezi, Ligola alimngoja Kidawa kwenye ujia wa Seneti, karibu na picha za maspika waliopita. Alikuwa amepungua ghafla, koti limemzidi mabega.

"Bi. Kidawa."

"Mzee Ligola. Pole sana, baba. Nimesikia."

"Umeshatunga?"

Kidawa aliona haya kuliko siku zote za maisha yake. Kwa kuwa ni kweli, njiani maneno yalikuwa yameanza kujipanga yenyewe kichwani mwake: magunia, viazi, Serikali sikivu.

"Nakuomba," alisema mzee, "mjukuu wangu usimpongeze."

"Simtaji, Mzee. Haki ya Mungu simtaji."

Ligola alikitazama kiganja chake. "Hadia alimfunga mtoto kwenye kanga aliyoiweka ya arubaini. Hakutaka mtu mwingine amfunge." Akakifumba kiganja. "Siku ile ya kituo cha mafuta, mimi ndiye niliyeanza kugonga. Unajua sikusikia hata neno moja? Nilimwona Waziri katua, nikagonga."

Kidawa hakuwa na tafsiri ya maneno hayo. Alimshika mzee mkono, wakaingia ukumbini wakiwa wameandamana, jambo ambalo karani alilishangaa, maana kanuni zilitaka upinzani uingie kwa mlango wa nyuma.

*

Mchana ule Spika Gongwe aliangalia upande wa feni mbovu kwa hofu. Kidawa alikaa kimya, mikono mapajani. Spika akashusha pumzi.

"Hakuna pongezi leo? Basi, kama hakuna—"

"Ipo," alisema Seneta Ligola, akasimama.

Ukumbi mzima ukachangamka. Mgongaji mkuu hakuwa na kawaida ya kusema. Mikono ikawekwa tayari juu ya meza. Kwenye saluni na stendi watu walinyamazishana.

"Mheshimiwa Spika, nami naipongeza Serikali yangu, niliyoitumikia kwa mkono huu. Binti yangu Hadia alipelekwa hospitali ya Kilalaheri akiwa na uchungu. Wodi ipo. Vitanda vipo, nimevitazama mwenyewe dirishani, bado viko ndani ya nailoni. Akaambiwa asubiri kiongozi aje kukata utepe. Mimi ni kiongozi, Mheshimiwa Spika, ni baba yake, lakini cheo changu hakifiki kwenye vigae. Akapandishwa lori la viazi. Mjukuu wangu akazaliwa njiani. Hakulia."

Hapo mzee akatua, maana sauti ilimkatika.

Na wenzake, ambao kwa miaka yote walifundishwa na yeye mwenyewe kwamba msemaji akitua ni kugonga, wakagonga. Waligonga kuliko siku zote, kwa heshima ya mkongwe wao. Wengine walipiga na miguu chini. Redio ya Taifa ikairusha ngurumo ile moja kwa moja mpaka kijiji cha mwisho, ikaingia na kwenye chumba cha Hadia, aliyekuwa amelala ameukabili ukuta.

Kisha mmoja akasikia kilichosemwa, mkono ukamganda hewani. Akafuata jirani yake. Meza zikanyamaza moja moja, mpaka ikabaki ya Dokta Chilumba peke yake, ko, ko, ko, hata naye akageuka kuwatazama wenzake, akaacha. Katika kimya hicho, yule mzee wa upinzani aliyelala tangu uchaguzi alizinduka, akainua kichwa na kuuliza:

"Kafa nani?"

Ligola aliketi. Kidawa aliondoka kwenye kiti chake, akavuka ukumbi mbele ya macho ya Spika, akaenda kukaa kando yake. Rungu la Spika lilinyanyuliwa, likashushwa polepole bila kugonga kitu.

*

Wanawake wa Kilalaheri hawakungoja kikao kingine. Asubuhi moja waliteremka Makao Makuu na mabeseni yao, mikeka yao na matumbo yao, wakiongozwa na Siwatu, wakaenda moja kwa moja kwenye kituo cha mafuta cha Serikali, kile kinachojaza magari ya mawaziri. Wakatandika mikeka mbele ya pampu.

Mkuu wa polisi alikuja mbio. "Mnafanya nini hapa?"

"Tumekuja kujifungua, afande," alisema Siwatu.

"Hapa ni kwenye mafuta!"

Siwatu alimwonyesha kibao kile kile cha waraka juu ya kichwa chake. Mkuu wa polisi alikisoma, akakirudia, midomo ikitikisika kwenye neno la mwisho. Akawasha redio ya mkononi, akaomba maelekezo, akaambiwa waraka ni wa Serikali na wanaoutii hawawezi kukamatwa. Akabaki akielekeza magari yageukie ukutani.

Kidawa alipofika, aliwakuta wanakunywa uji. Mwasiti muuza uji alikuwa amekuja na sufuria lake, tumbo likiwa limetangulia. Kidawa alikunja mtandio, akachukua upawa na kugawa.

"Nani kawapa akili hii?" alimnong'oneza Siwatu.

"Wewe ulisema kule ni pa kusemea, Mama. Ikabidi tutafute pa kusikilizia."

Haikuchukua muda magari ya wakubwa yakaishiwa mafuta. Waziri wa Fedha alionekana nyuma ya baiskeli, amekumbatia kiuno cha mwendeshaji. Waziri wa Utamaduni alipanda basi kwa mara ya kwanza, akatoa hotuba ya kulisifu. Gari la Rais nalo lilizimika katikati ya njia. Rais akashuka, akatembea, na wananchi waliokutana naye wakaambizana kwamba nchi hii watu wanafanana. Baraza la mawaziri lilikutana likiwa na malengelenge miguuni, na lilikubaliana kwa kauli moja kwamba wodi ya Kilalaheri ndiyo kipaumbele cha Serikali, na kwamba imekuwa hivyo tangu enzi.

Ubishi ulikuwa mmoja tu, nani akate utepe. Baada ya mvutano, alichaguliwa Dokta Chilumba, kwa sababu hapakuwa na kiongozi mwingine aliyepongezwa mara nyingi kama yeye kuhusu jambo hilo.

*

Taarifa rasmi ya Serikali inasema kwamba mtoto wa kwanza wa wodi ya Kilalaheri alizaliwa muda mfupi baada ya utepe kukatwa, kwa heshima ya mgeni rasmi. Mimi sina ugomvi na taarifa rasmi. Nasimulia tu yaliyotokea.

Siku ya uzinduzi palipigwa mahema, pakaletwa matarumbeta. Wakubwa walikaa mbele kwenye viti vya kitambaa cheupe. Ligola hakuja, alibaki nyumbani na binti yake. Kidawa hakuwekewa kiti, akasimama nyuma na Siwatu, karibu na ukuta wa wodi. Dokta Chilumba alianza hotuba yake kwa historia ya samaki, akisema naye samaki hutaga.

Alipokuwa bado hajatoka ziwani, Mwasiti alitokea pembeni ya jengo, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni. Alikuwa ameliacha sufuria la uji njiani.

"Mama Kidawa," alisema kwa meno yaliyoumana, "leo mimi sifiki popote."

Askari wa utepe alisimama mlangoni. Alikuwa kijana wa watu, sare imefuliwa kwa ajili ya shughuli. Alimtazama Mwasiti, akawatazama wakubwa, jasho likamtoka.

"Utepe haujakatwa," alisema, lakini kwa sauti ya kuomba.

Kidawa alisimama mbele yake. Safari hii hakutafuta maneno ya kupinda. "Mwanangu, huyu mama anazaa. Unyanyue apite."

Kijana alisitasita. Kisha akaweka rungu chini, akaushika utepe kwa mikono miwili, kwa adabu, jinsi mtu anavyoinua pazia la mgonjwa, akaunyanyua mpaka juu ya kichwa chake. Wanawake watatu wakapita chini yake wameinama. Mkunga wa hospitali, aliyepangiwa kusimama kwenye gwaride la kupokea wageni, aliliacha gwaride akawafuata mbio. Nailoni ya kitanda cha kwanza ikachanwa.

Nje hotuba iliendelea. Mwasiti alipiga kelele, matarumbeta yakadhani ni ishara, yakapiga. Akapiga kelele tena, wakubwa wakapiga makofi. Kidawa alikuwa amemshika mabega, anamfuta uso kwa mtandio wake, na miwani yake imeanguka hajui ilipo. Mara pakawa na kimya kifupi. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kwa sauti pana, na Siwatu akakaa chini kwenye vigae akalia naye.

Baadaye, mtoto akiwa ameshaoshwa na kulazwa kifuani, Mwasiti alifumbua macho. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, na sauti ya kipaza ilikuwa bado inaingia, nzito, haina kituo.

"Nani huyo anayepiga makelele huko nje?" aliuliza.

"Ni Waziri," alisema Kidawa. "Anafungua wodi."

"Basi mwambieni afunge mlango. Mtoto amelala."

Kidawa akainuka, akaenda kuufunga.